Dirisha la Nane

Jumatatu, 6 Agosti 2007
Mzungu wa kujitolea kaondoka, katuachia programu pale kafe ya intaneti. Barua inatoka kompyuta yako moja kwa moja hadi ya mwenzio, hakuna mtu katikati wa kuchungulia. Tamu! Ila ukiifungua mara ya kwanza—madirisha tisa, yote Kiingereza. Mwalimu Lusia kafika la tatu, kabeba pochi yake, kaondoka. Na diploma yake!

Mimi niliyeishia kidato cha pili nimeyamaliza yote. Nabonyeza Yes tu.

Jumanne, 7 Agosti
Nimeirahisisha. Nimeandika kwenye boksi la sabuni, nikabandika ukutani: BONYEZA HAPA, HAPA, HALAFU HAPA. Dirisha la nane nimewaambia waliruke—eti umpigie mwenzako simu, msomeane tarakimu arobaini, uhakikishe ni yeye kweli. Nani ana vocha ya mchezo huo? Bosi Elimringi kasoma, kasema dogo, wewe ni wa Marekani. Najua.

Jumatano, 8 Agosti
Kaja Mzee Kaika wa Ololosokwan. Ana majina ya mashahidi wa kesi ya malisho, yamfikie mdogo wake Lengai, Loliondo, wiki hii. Mara ya mwisho walituma kwa faksi. Jioni ileile mashahidi wakapata wageni wasiowajua. Wawili wakasahau kila kitu.

Nikamwambia umefika kwa fundi! Nikatafuta jina LENGAI, likatokea, nikaliongeza. Dirisha la nane—ruka! Kaniita layoni—kwa Kimaasai, mvulana asiyetahiriwa—mwenye akili. Ulayoni namrudishia, akili nachukua.

Alhamisi, 9 Agosti
Lengai hayupo hewani.

Ijumaa, 10 Agosti
Taa ya kijani! LENGAI kaingia. Majina nimeshachapa yote, bado kutuma. Kaika: salimia kwanza. Watoto, ng'ombe, majani, mvua—vidole vinauma! Jibu mstari mmoja: Wazima. Tuma majina.

Nikashika mausi. Fimbo ikatua juu ya mkono wangu.

"Layoni. Huyo hajauliza ng'ombe wangu."

"Ana haraka, mzee."

"Lengai? Siku tunamzika baba aliuliza ng'ombe kwanza."

Katoka nje kupiga simu. Mtandao wa simu unakatakata. Bosi kaniuliza mbona nabandua boksi langu ukutani. Nimesema nafuta vumbi.

Kwenye kioo, LENGAI kaandika tena: Tuma sasa.

Huko nje Kaika kampata mtu. Anauliza ndama, mbuzi, majani—anacheka! Kisha kauliza, uko kwenye kompyuta?

Kashusha simu, anatikisa kichwa. Ananitazama kupitia dirisha.