Mzee Ambindwile amesimama

Hadijah, usipige. Soma kwanza, siwezi kuongea.

Si unamjua Winfrida wa hapa zahanati, ninayefundisha naye mazoezi wazee wenye magoti yaliyosagika? Leo kule kijiji cha Kinyala ilikuwa zamu yangu kuongoza. Kwa uvivu wangu nikamng'ang'aniza aongoze yeye. Akaniambia, "Tausi, kule yupo baba mkwe wangu. Kwetu Wanyakyusa mkwe hamkaribii baba mkwe. Hata njiani tunakwepana."

Nikacheka. Nikamwambia mwaka gani huu!

NILICHEKA, Hadijah.

Akaenda hivyo hivyo. Mimi nimekaa nyuma naandika majina. Wazee wako kwenye viti: kaa, simama, kaa. Mzee Ambindwile akainua uso, akamwona mkwewe yuko mbele yake.

Akasimama! Yule mzee hainuki bila fimbo! Akaiacha hapo hapo, akageuka atoke nje. Kufika mlangoni goti likagoma. Nilisikia mfupa ukikatika.

Winfrida alikimbia, akanyoosha mikono, halafu ikabaki hewani. Mikono ileile inayoshika magoti ya watu kutwa! Mzee yuko chini anasema, "Asinishike! Asinishike!" Winfrida akageukia ukutani, akawa ananielekeza namna ya kumfunga mguu, bila kumtazama, huku analia.

Ni nyonga. Imevunjika.

Tulipompakia kwenye gari mzee akaniita karibu. "Mwambie mkwe wangu asilie. Amefundisha vizuri. Nimesimama bila fimbo."