Mafuta ya CBD Niliyompa Mama

Mwenzangu, nimefanya kosa kubwa. Yale mafuta ya CBD, ya kunywa, yanayotokana na bangi, niliyomnunulia mama kwa maumivu ya magoti, nimetoka kumwonyesha mfamasia.

Mwanzoni alinituliza. Eti mwili wenyewe hutengeneza kemikali zinazofanana na za bangi, za kupunguza maumivu na kuleta usingizi, kisha huzivunja. CBD inadhaniwa huchelewesha kuvunjwa huko.

Nikacheka, “Kumbe kitu cha asili!”

Hakucheka. “Mama anatumia dawa gani nyingine?”

“Ya kuzuia damu kuganda. Ana ugonjwa wa moyo.”

Akaweka kalamu chini. “Dada, ini ndilo linaloiondoa dawa hiyo mwilini, na CBD hulizuia. Dawa inajazana, damu inakuwa nyepesi kupita kiasi. Ameanza lini?”

Wiki tatu. Wiki TATU, na matone nampimia mimi kwa mkono wangu!

“Ana michubuko?”

Jana niliona alama nyeusi mkononi. Alisema amejigonga kabatini, nikaamini. Mimi nikaamini!

Nimempigia sasa hivi. Anasema fizi zinamtoka damu tangu juzi, ila hakutaka kunisumbua.

Niko kwenye teksi, namfuata nimpeleke hospitali. Nampigia tena, simu inaita tu.