Polepole Hadi Naivasha

Jumanne, 8 Julai

Nimechomoa gari kwenye chaji saa kumi na mbili asubuhi. Mia kwa mia. Nilipopanda tena juu Baba alikuwa ameshaamka, amekaa kitandani na kofia yake ya sufu, anangoja uji. Amekunywa nusu. Nusu ni nzuri. Tangu aanze dawa za saratani harufu nyingi zimemshinda, na zaidi ya zote petroli. Teksi mbili tumeshuka njiani akitapika. Gari langu la umeme ni dogo na kuukuu, lakini halina harufu. Ndani yake husinzia kama mtoto. Kwa hilo tu nalipenda.

Kazini River Road, kwenye duka letu la uchapishaji, nimesahihisha programu tatu za mazishi kabla ya chai. Nikiwa kwenye ya tatu mama mdogo akapiga simu kutoka Naivasha. Mume wake, baba mdogo Njoroge, ametolewa hospitali. Moyo umechoka. Wamemrudisha nyumbani tu. Hakueleza zaidi na sikuuliza. Niliishia kuruka mstari mzima wa majina ya wajukuu. Ikabidi nirudie.

Jumatano, 9 Julai

Nimemwambia Baba. Aliacha chai yake ikapoa.

Yeye na mdogo wake hawajaongea miaka tisa, tangu siku ya kumzika nyanya. Baba mdogo alifika ibada imeisha. Baba akamnyima nafasi ya kusema hata neno moja kaburini, mbele ya watu wote. Nilikuwepo. Niliona aibu, na sikufungua mdomo.

Jioni akaniita. Nina jina la mama yake, kwa hiyo huniita mama.

"Mama, hiyo gari yako inaweza fika Naivasha?"

Nikasema inaweza. Sijawahi kuitoa nje ya Nairobi.

Jumamosi, 12 Julai

Tumeshindwa. Kosa ni langu.

Mjini chaji moja hunipeleka kilomita mia na thelathini. Naivasha haifiki tisini. Nilidhani hesabu imeishia hapo. Kutoka Kileleshwa tuliingia Waiyaki Way nikaweka mia kwa saa. Nilitaka afike mapema. Naogopa ile simu ya kuambiwa amefariki. Lakini kila kilomita moja tuliyokwenda, gari lilijikatia mbili. Tulipofika Limuru kioo kilisoma chaji asilimia hamsini na nne, na kupanda kwenyewe bado. Ukungu. Baridi. Hita nayo inakula. Nikasimama kando, nikapigia mahali pekee pa kuchajia ninapopajua mbele. Mashine yao imeharibika.

Nikageuza.

Baba hakunigombeza. Aliangalia nje njia nzima. Karibu na nyumbani akasema, "Pengine Mungu hataki."

Hiyo imeniuma kuliko yote. Mguu uliokanyaga ulikuwa wangu.

Jumatatu, 14 Julai

Saa ya chakula nimemwendea Omondi, fundi wa betri, milango miwili kutoka kazini kwetu. Nikamweleza. Akatikisa kichwa kabla sijamaliza.

"Town unaenda pole. Ukishika breki, chaji kidogo inarudi. Highway ni wewe na upepo. Toa mkono nje ukienda hamsini, halafu utoe ukienda mia. Utaskia."

Anasema mwendo ukiwa mara mbili, upepo unakusukuma nyuma mara nne. Betri ndiyo inayopigana nao.

"Sasa niende ngapi?"

"Sitini na tano, isizidi. Hita zima. Mzee mfunike blanketi."

"Malori yatanipigia honi."

"Wacha yapige. Unaenda harusi?"

Jumatano, 16 Julai

Alfajiri nimepeleka gari Southern Bypass, peke yangu, nione kwa macho yangu. Kipande kilekile cha kilomita kumi, upande uleule, mara mbili. Kwa mia kimekula asilimia kumi na moja ya chaji. Kwa sitini na tano kimekula saba. Nilitoa mkono pia. Kwa mia, upepo uliukamata ukauvuta nyuma kwa hasira. Kwa sitini na tano ulitetemeka tu.

Nimerudi na furaha ya kijinga. Halafu mama mdogo akapiga. Jumamosi ile walimwambia baba mdogo kuwa tunakuja. Alivaa koti, akaomba atolewe nje, akakaa kwenye kiti langoni mpaka jua likazama. Hakutaka kuingizwa.

Nimelia kwenye ngazi, sio ndani. Baba nimemwambia hata hivyo. Alistahili kujua kwamba anangojwa.

Jumamosi, 19 Julai

Tumefika.

Blanketi tatu, chupa ya maji moto mapajani mwa Baba, hita imezimwa. Sitini na tano, njia ya kushoto. Kila mtu alitupita. Hata lori la kabeji lilitupita, tukiwa mlimani, dereva akitutazama kwa huruma. Limuru, chaji sitini na sita. Upepo ulitupiga usoni, nikashuka mpaka sitini.

Safari ilikuwa ndefu, na Baba akaanza kuongea. Kwanza utotoni, jinsi alivyokuwa akimbeba Njoroge mgongoni kwenda shule kukiwa na matope. Kisha, macho yakiwa barabarani:

"Ile siku ya mazishi, hakuchelewa. Saa ya ibada ilibadilishwa. Mimi ndiye nilifaa kumwambia. Nikasahau. Halafu watu wakaanza kumlaumu, nikaona haya kusema."

Miaka tisa. Niliendelea kushika usukani.

Soko Mjinga, chaji arobaini na moja. Simu ikaita. Mama mdogo. Ikakata, ikaita tena. Nilijua ni nini. Mguu ukaanza kushuka wenyewe: sabini, sabini na tano. Baba akaweka mkono kwenye goti langu.

"Pole pole, mama. Ikizima hapa hatutafika kabisa."

Nikarudi sitini. Kilomita hizo sitazisahau. Baada ya Kinungi barabara ikaanza kuteremka, na kioo, badala ya kushuka, kikapanda. Moja. Kisha nyingine. Baba akaanza kuzihesabu kwa sauti.

Tuliingia kwao na chaji ishirini na mbili. Mama mdogo alikuwa amepiga kuuliza aweke chai saa ngapi. Chai! Nilicheka mpaka nikaegemea mlango.

Baba mdogo alikuwa langoni, kwenye kiti, na lile koti. Amekonda hadi masikio yanaonekana makubwa. Baba alishuka bila kunisubiri nimshike. Alisimama mbele yake.

"Njoroge, ilikuwa makosa yangu. Sikukuambia saa imebadilishwa."

"Nilijua."

"Ulijua?"

"Siku ileile. Nilikuwa nangoja uniambie wewe." Akamshika mkono. "Ingia ndani, kuna baridi."

Jumapili, 20 Julai

Jua limetoka mapema. Baba ameamua kukaa hadi Jumatano, kliniki yake ni Alhamisi. Nimeomba ruhusa kazini. Wamenipa.

Madaktari hawaahidi kitu juu ya baba mdogo. Mama mdogo ameniambia asubuhi, waziwazi, bila kulia. Wiki, pengine miezi.

Baada ya uji Baba aliomba beseni, sabuni na wembe. Amemnyoa ndevu mdogo wake barazani. Amechukua muda mrefu, mikono yake si ile ya zamani, na kila mara anasimama kupumzika, kidevu cha baba mdogo kikiwa kiganjani mwake. Mara moja baba mdogo alisema, "Hapo umeruka," naye akarudia.

Mimi na mama mdogo tulikuwa jikoni tukimenya viazi, mlango wazi ili tuwaone.