Marahaba Niliyoichelewesha

Maskati

Mume wangu Hamisi, mjukuu wangu,

Sisi huku kwa shangazi yako Zuhura tu wazima, ila mimi usingizi sina. Mguu unasemaje? Usiniandikie "naendelea vizuri". Niambie kama kiatu kinaingia.

Nasikia unarudi porini Mkange kurina asali. Hamisi, hicho ni kichwa au kibuyu? Juzi tu umelala siku tatu msituni na mguu umeteguka, watu wanakutafuta kwa filimbi, na mimi huku wali nautafuna kama mchanga.

Nina jambo limenikaa kooni. Kile kidude cha setilaiti tulichokuletea, siku ya kwanza uliandika "Nimefika". Nikakugombeza: kwani mimi ni mtoto mwenzio? Siku ya pili Zuhura akanisomea: "Shikamoo bibi". Basi. Nikamwambia, mwache angoje kidogo, ajue adabu.

Kumbe umeshaanguka, uko chini ya miti, chaji inakwisha, unangoja nikuitikie ndipo useme shida yako. Ndivyo ulivyofunzwa. Na aliyekufunza ni mimi. Tulipojibu, kilikuwa kimezimika.

Sasa nimekwenda mwenyewe dukani, wanakouzia watu wa jangwani. Muuzaji akaweka viwili mezani. Kimoja ndugu yake kile chako: kinasema na kujibiwa, lakini kinakula chaji kama simu na kila mwezi kinataka kulipiwa. Cha pili bubu. Betri yake inakaa miaka, na ukikibonyeza kinawaambia waokoaji ulipo, basi. Zuhura akataka msemaji, ili tujue hali yako. Muuzaji naye akasema, "Mama, hiki cha pili hakitakuletea neno lolote."

Nikamwambia anifungie bubu. Mimi nitakaa sijui kitu, nife na presha yangu. Wewe urudi.

Zuhura amekiandikisha kwa jina lako. Ole wako ukikifungia sandukuni na nailoni yake kama vikombe vya harusi yako. Kifunge kifuani. Likikufika la kufika, toka penye miti, jikokote hata kwa makalio, inua mkonga wake, ile antena, uelekee mbinguni.

Msalimie mkeo, asibebe ndoo na tumbo lile. Msalimie baba yako mdogo aliyekubeba mgongoni kukutoa msituni.

Na ukianguka, usinisalimie. Bonyeza. Marahaba nimekwisha kukupa zote, hata za miaka ambayo sitakuwepo.

Bibi yako,
Mwanahawa