Mtani Wangu, Mahame Yale Yana Wenyewe

Mtani wangu Saidi,

Siku ya arobaini yako wanao walinipa kipaza sauti. Nyumba yako ya Ruhuwiko ilikuwa imejaa, magari yamepangwa hadi barabarani, sheikh amemaliza dua, na mimi Mngoni mzee nimeketishwa mbele kama mtani wa marehemu. Unajua mila inavyotaka. Mtani ndiye mwenye ruhusa ya kusema mbele ya wafiwa lile ambalo ndugu wa damu hathubutu: kwamba marehemu alikuwa mchoyo, alikuwa mwongo, aliiba kuku. Watu wanacheka, na ukweli unakuwa umeshapita. Nikasimama kwa fimbo yangu nikasema ulikuwa mtu wa watu. Wakaitikia amina. Nikala pilau yako nikaondoka.

Mtani gani anamsifu maiti? Barua hii ndiyo niliyopaswa kuisema siku ile. Daktari ananiambia moyo wangu umechoka. Kabla haujasimama nataka nikutukane kwa mpangilio, na niiandike wazi, wanao waisome, na wale tuliowadhulumu waisome pia.

Ulikuja kijijini kwetu, upande wa Mpitimbi, ukitokea Tunduru, na baiskeli na redio, katibu wa chama mwenye umri kama wangu. Mimi nilikuwa mwalimu. Ulipojua tu kwamba mimi ni Mngoni ulinitupia mzigo wako palepale barabarani. "Beba, mtumwa wangu." Nikakujibu, "Babu zangu walimteka babu yako, wakamrudisha siku ya tatu kwa jinsi alivyokuwa anakula." Ulicheka mpaka ukakaa chini. Nilikupenda siku ile, na inaniuma kuliandika.

Tulisikiliza hotuba kwenye redio yako na tuliamini. Sitasema hatukuamini. Watu wakae pamoja, wapate maji, zahanati, shule. Ulimwita kila mtu ndugu, hata mama zetu. Na shule kweli ilijengwa, watoto wa wakulima wakasoma. Uongo hatukuletewa na redio. Tuliupika wenyewe, mimi na wewe, ofisini kwangu, mlango ukiwa umefungwa.

Kaya za kilimani zilikataa kuhamia kijiji kipya cha barabarani. Unamkumbuka Mama Otilia, yule mjane, aliposhuka kuja kukuona? Alipiga goti, akasema, "Ndugu katibu, mume wangu amelala kule. Nikihama, kaburi lake nani atalifagia?" Ukamjibu, "Chama kitafagia, mama." Nilicheka. Naliandika hilo nalo.

Ulikuwa na mgambo na viberiti, lakini hukutaka vurugu, kwa kuwa mkubwa wako wa wilaya alitaka kusikia kwamba watu wamehama kwa hiari. Ukaniuliza, "Hawa watu wakisikia sauti ya nani wanashuka wote?" Nikakuambia: kengele yangu. Hakuna aliyenilazimisha kulisema. Kwa miaka yote hii nimewaacha watu waamini kwamba mimi nami nilidanganywa na katibu. Wazo lilikuwa langu.

Niligonga ile rimu ya gari iliyoning'inia mbele ya shule, nikawatangazia wazazi waje kupokea matokeo ya watoto. Wakaja wamevaa nguo za kanisani. Wakabanana kwenye madawati ya watoto wao, magoti yamefika kidevuni. Uliniagiza nisome taratibu, nikasoma taratibu. Kila jina, kila somo, na neno la sifa kwa kila mtoto, hata wa mwisho. Katikati ya majina Mama Otilia, aliyekuwa karibu na dirisha, akaniuliza, "Mwalimu, moshi ule kilimani ni wa nini?"

Ilikuwa majira ya kusafisha mashamba kabla ya mvua. Nikamjibu, "Wanachoma mashamba, mama." Akaridhika. Akarudi kumsikiliza mwanawe akisifiwa.

Juu ya jiko lake kulikuwa na mahindi ya mbegu, yametundikwa kwenye moshi kama mama zetu wanavyofanya ili wadudu wasiyaguse. Yaliteketea pamoja na paa. Mwaka ule kule barabarani hakuwa na cha kupanda, na kitindamimba wake hakuumaliza msimu wa njaa. Wewe ulihamishiwa makao makuu ya wilaya. Mimi nikafanywa mwalimu mkuu. Na kabla hujaondoka ulinipa karatasi nikaandika muhtasari kwa mwandiko wangu mzuri: wananchi wamehama kwa hiari, ardhi ya kilimani imebaki mahame matupu, haina wenyewe.

Miaka ikapita, kamba ikalegea, watu wakaanza kurudi kilimani mmoja mmoja. Mama Otilia alirudi, akajenga juu ya majivu yake, akazikwa kando ya mumewe. Na wewe ulirudi, Saidi, lakini ulirudi na lori. Biashara iliporuhusiwa, wewe uliyewaita wenye duka wanyonyaji ulikuwa wa kwanza kufungua ghala mjini. Watu walewale uliowahubiria kulima kwa pamoja sasa walikusubiri kando ya barabara na magunia yao, wewe ukiwa peke yako ndiye mnunuzi. Vyama vingi vilipokuja ulionja kimoja, hukupenda ladha, ukarudi ulikotoka. Neno ndugu likakutoka kinywani. Kijana mmoja alikusalimu "Shikamoo ndugu Saidi" mbele yangu, ukamrekebisha: "Mheshimiwa."

Hayo yote ningekusamehe, maana wengi waligeuka, na mimi mwenyewe nilikula sukari yako. Lakini ulitunza karatasi yangu. Ulikaa nayo miaka yote, kisha ukaitoa kuombea hati ya kilima kizima. Sasa wewe umekufa, na wanao wamechimbia nguzo za uzio kati ya makaburi ili wapande maparachichi. Shauri liko kwenye baraza la ardhi. Ushahidi wao mkubwa ni mwandiko wangu.

Mjukuu wa Mama Otilia anaitwa Editha. Ndiye anayeniletea uji tangu mke wangu afariki, kwa sababu bibi yake alimwambia nilikuwa mwalimu aliyemsifia baba yake darasani. Juzi alikuja kuniuliza kama nitakwenda kusema kwamba ardhi ile ilikuwa na wenyewe. Ingetosha kumjibu ndiyo, basi. Nikamweleza vyote: kengele, majina, moshi. Alisikiliza akiwa amesimama, kikombe mkononi.

"Bibi alikuuliza," akasema. "Alikuuliza kwa mdomo wake."

"Aliniuliza."

"Na ukamwita mama."

"Ndiyo."

Kisha akaniwekea kikombe mapajani, si kwa upole. "Kunywa. Baraza ni Alhamisi, bajaji itakufuata saa mbili asubuhi. Utayasema haya yote mbele yao, usipunguze hata moja. Na uvae sweta."

Nikamwambia moyo wangu unaweza usifike Alhamisi.

"Ufike," akasema. "Ukifa kabla, babu, sitakuja kukuzika. Wala sitafagia."

Hakunisamehe, na mimi sikumwomba. Tangu siku hiyo nameza dawa zote, hata zile nilizokuwa nazificha chini ya godoro. Uji naumaliza hadi kikombe kinakauka. Sijawahi kuwa na sababu kama hii ya kuamka.

Najua unanitazamia huko uliko, unitupie mzigo wako tena nikifika. Nitakuja, sina njia nyingine. Lakini kaa hapo na ardhi yako ya futi sita, Mheshimiwa. Wiki hii usinisubiri.

Mimi mtani wako,
Mwalimu