Picha ya Mayu Iliyokataliwa

Dar es Salaam, Jumapili

Baba yangu,

Shikamoo. Na kama kaka Masanja anakusomea asubuhi, mwangaluka. Masanja, soma yote, usiruke mahali.

Mguu unaendeleaje? Nasikia wanunuzi binafsi wa pamba wamefika mpaka hapo Mwamapalala, kila mmoja na mzani wake. Usiwakimbilie. Mimi mwili ni mzima, moyo ndio sio.

Tangu tumzike mayu, mama yetu, unaniomba picha yake ya kutundika ukutani. Sikuchelewa kwa sababu ya kazi, Baba. Ni aibu.

Unakumbuka siku niliyompiga picha? Alioga, akajipaka mafuta, akavaa kitenge kipya, akaazima viatu kwa mama mchungaji. Akasimama wima mbele ya nyumba, mikono chini, hacheki. Kwake picha haikuwa mchezo. Jioni kwenye filamu ilibaki pozi moja ya kupiga. Nikamkuta amekaa chini anachambua pamba, kilemba kimeanguka, gauni la shamba limechanika begani. Nikabonyeza. Akasikia, akasema, "Minza, hiyo usimwonyeshe mtu. Si mimi huyo." Nikaitikia, ndiyo mayu.

Mwezi uliopita, hapa studio ninaposafisha picha, likaletwa tangazo la maonyesho. Unapeleka picha, majaji wanachagua za kutundikwa. Nilitaka watu wa mjini wamwone mayu alivyopendeza. Fomu ilidai picha mbili, nami za kwake ninazo mbili tu. Nikapeleka zote, nikijidanganya kwamba ile ya pili hawataitazama.

Wamechagua hiyo hiyo. Ile ya kusimama wameitupa upande wa fifi, kama pamba chafu. Jaji mmoja akaniambia, tena kwa upole, "Hapa amejikaza mno, dada. Hata viatu si vyake. Ile nyingine ndiyo ya kweli." Mtu hajamwona mama yangu hata siku moja, ananionyesha yupi ni wa kweli. Wakatangaza nimeshika nafasi ya pili, watu wakapiga makofi. Nililia, wakadhani ni furaha.

Niliomba waitoe. Wakanionyesha sahihi yangu kwenye fomu, kwamba picha itakaa mpaka maonyesho yafungwe. Basi kila nikitoka kazini napita pale, nasimama mbele yake nimewapa watu mgongo, wasilione lile bega. Mlinzi amenizoea, anadhani naipenda sana. Mayu aliniomba kitu kimoja tu, Baba, kikanishinda. Wa kumwomba radhi hayupo tena, ndiyo maana nakuomba wewe.

Ndani ya bahasha iko ile ya kusimama. Nyuma wamegonga mhuri wa kukataliwa, nimejaribu kuufuta haufutiki. Itundike tu, mhuri utazame ukuta.

Nisalimie shangazi anayekupikia, na wifi, mke wa Masanja, na wanawe. Mama mchungaji naye umwite aione kabla hujaitundika. Mwambie viatu vyake vinaonekana vyote viwili.

Ni mimi mwanao,
Minza