Wekesa Hakuipenda Baiskeli Ile

Nakaloke, Mbale

Dada yangu Nasimiyu,

Pokea salamu zangu, wewe na shemeji. Goti lako linakuruhusu kuingia shambani, au bado unaamka umelishika? Na mama, tangu atolewe mtoto wa jicho, anawaona wageni mlangoni au bado anawajua kwa sauti? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio umechafuka, na nimeona nikwambie wewe kwanza.

Ile karakana ya vyuma nilimokuwa nikifanya kazi hapa Mbale ilifungwa, nikaenda Jinja. Huko nikapata kazi ya ufundi wa baiskeli kwa mwanajeshi mmoja mstaafu. Kila mtu anamwita Afande, na duka lake liko kando ya barabara ya kwenda Budondo. Hauzi baiskeli za kawaida. Anazunguka Mbale hadi huko kwetu Kenya akinunua zile kuukuu za milimani, za chuma, zenye matairi mapana. Kazi yangu ilikuwa kuzifungua, kuzitia grisi na kuzifunga tena, lakini rangi nilikatazwa.

"Wacha mikwaruzo, Fundi. Watu ya pesa wanapenda kuona uzee."

Nao wanakuja kweli, kutoka Kampala na ng'ambo. Wanazipapasa, wanasema vitu vya siku hizi havina roho. Wakulima wa Budondo wanaopita na miwa nyuma ya baiskeli zao wakiuliza bei, wanadhani wanataniwa.

Mwezi uliopita alileta mzigo mpya. Nilipoigeuza baiskeli ya tatu miguu juu, nikaona kiraka cha kuchomelea chini ya kile chuma cha juu. Dada, ilikuwa ile yetu. Ni pale ilipokatika kaka yetu Wekesa akiteremka na mitungi ya maziwa, na mimi ndiye niliyeishika wakati inachomelewa, cheche ikaniachia kovu mkononi. Nikaweka kovu langu kando ya kile kiraka, nikakaa chini sakafuni. Sikulaumu hata kidogo kwa kuiuza baada ya mazishi yake. Yule mnunuzi wa vyuma chakavu aliipima kwa kilo, na sukari ya matanga ilikuwa imeisha.

Kosa ni langu, kwamba nilimwambia Afande. Nilitaka anikate mshahara kidogo kidogo niichukue. Nikamweleza jinsi kaka yetu alivyokupakia asubuhi ile ya mvua uchungu wa kumzaa Neema ulipokushika, alivyokusukuma kwenye tope hadi hospitali. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanishika bega. "Pole sana, Fundi."

Kesho yake nikakuta baiskeli imetundikwa dirishani. Bei imepanda maradufu, karibu ya pikipiki mpya, na pembeni imebandikwa karatasi: jina la Wekesa, mvua, tope, na uchungu wako wewe.

"Afande, huyo ni ndugu yangu."

"Ndio maana iko ghali. Chuma peke yake si kitu."

Ningeondoka siku hiyo. Sikuondoka, nilikuwa nimechoka kutafuta kazi. Wiki hiyohiyo akaja mama mmoja wa makamo kutoka Kampala, mpole, amevaa vizuri. Afande akaniita kutoka uani.

"Fundi, kuja. Ambia madam hii stori."

Nikasimulia, mikono imejaa grisi. Yule mama akatoa kitambaa, akapangusa macho. Akauliza, "Bila shaka aliipenda sana baiskeli yake?"

Wewe unajua. Unajua alivyoitukana kila asubuhi, alivyoipiga teke ikaingia mtaroni, mgongo ulivyomuuma. Unajua ile picha ya pikipiki aliyoikata gazetini akaibandika juu ya kitanda, na kwamba alifia kitandani hapo, chini ya picha hiyo. Afande alikuwa ananitazama.

Nikasema, "Sana, madam. Aliipenda kuliko kitu chochote."

Akanunua papo hapo. Haitaendeshwa, ataitundika sebuleni. Niliibeba mwenyewe hadi kwenye gari lake, nikashukuriwa. Kwa bei aliyolipa, dada, kaka yetu angekuwa akishuka mlimani kwa pikipiki yake.

Siku iliyofuata Afande akaniletea nyingine, nyekundu, haina kiraka wala alama. Akaiegemeza mbele yangu huku anacheka.

"Na hii, Fundi? Ilikuwa ya nani?"

Nilikusanya spana zangu. Sasa niko hapa Nakaloke, naziba pancha kando ya soko. Baiskeli za hapa zinabeba matoke na mkaa, na mwenyewe akiitukana yake namwitikia.

Nisalimie shemeji, na shangazi yetu muuza vitunguu, na yule jirani aliyechimba kaburi akakataa kulipwa. Mama usimwambie baiskeli iko wapi.

Lakini Neema amekua, ataanza kuuliza. Usimpe mjomba wa kwenye karatasi. Mwambie alikuwa mkali, mwenye matusi, mgongo umemwisha, na kwamba siku ile alikusukuma mlima mzima akilalamika njia yote, na hakukuacha. Mimi huku nimeshamuuza. Huko nyumbani abaki alivyokuwa.

Ni mimi mdogo wako,
Barasa